Mama Alipohamia Sauti ya Nne

Asubuhi moja hivi karibuni nilifika ofisini kwetu hapa Kayanga nikamkuta mlinzi ameanika betri za redio yake juani, juu ya ukingo wa dirisha, zimelala bega kwa bega kama dagaa. Nikasimama. Nilijifanya natafuta ufunguo kwenye mkoba, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nainusa ile harufu: chuma kilichopata joto, vumbi, na uchachu kidogo unaokaa nyuma ya ulimi. Wa rika langu mnaijua. Betri ikichoka tulikuwa tunaipeleka juani ipumzike, na jioni ilirudi na nguvu za kuazima, za kutosha wimbo mmoja au nusu yake. Mlinzi aliniamkia mara ya pili kabla sijamwitikia, kwa sababu wakati huo sikuwa Kayanga. Nilikuwa Kaisho, nimekaa juu ya gunia la maharage kwenye baraza la duka la Bwana Shebe, na wanaume wazima walikuwa wanagombana juu ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwaona.

Bwana Shebe asili yake ilikuwa Tanga. Baba yake alikuja huku na biashara ya nguo, akaoa, akabaki, na mwana akarithi duka pamoja na Kiswahili cha pwani ambacho sisi watoto tulikisikia kama mtu anayeimba. Mama yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza lake. Watu walimwita Ma Yustina, kwa heshima ya kwetu, kama wanaume walivyoitwa Ta, lakini Bwana Shebe alimwita bibie. Kila siku nikitoka shule nilipitia pale, nikala muhogo wangu juu ya gunia, nikaokota vipande vya vitambaa na kusubiri jua lishuke turudi nyumbani kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Nyumbani tulizungumza Kinyambo. Barazani kila mtu alizungumza Kiswahili cha kwake.

Wakati wageni wa mashirika walipofunga kambi za wakimbizi na kuondoka, waliuza walichoshindwa kubeba. Wengine walinunua vitanda na maturubai. Bwana Shebe alirudi na redio kubwa ya kaseti pamoja na boksi la kaseti za nyimbo za Kizungu. Nia yake ilikuwa kuzifuta arekodi taarabu juu yake. Akaweka moja aisikilize kidogo kabla ya kuifuta. Hakuifuta.

Hazikuwa nyimbo tulizozizoea. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa kaseti. Ulianza na maji yanayotiririka, kisha kinanda kama cha kanisani, kisha magitaa yakaingia yakikimbizana, ngoma zikahesabu hesabu ambayo mguu haukuweza kuifuata, halafu kila kitu kikanyamaza na mtu mmoja akaimba polepole kama anayeongea na mgonjwa. Ulipodhani umekwisha, ulikuwa bado haujafika katikati. Bwana Shebe alisema wenyewe wanauita muziki huo roki, lakini hii ni roki ya wenye subira. Ta Kyaruzi, fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda chake upande wa pili wa njia, alisema wimbo ule ni kama harusi ya kwetu: kuna kupokea wageni, kuna kubishania mahari, kuna kula, kuna bibi harusi kulia, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla ya yote hayo. Sisi tukauita Wimbo wa Mto, kwa ajili ya yale maji.

Ugomvi ulianza walipogundua kwamba ndani ya boksi Wimbo wa Mto ulikuwamo mara mbili. Kaseti moja ilikuwa imerekodiwa kwa utulivu, bila kikohozi. Nyingine ilirekodiwa mbele ya watu wengi, unawasikia wakipiga makofi na kupiga miluzi, na aliyeimba humo alikuwa mwingine. Wapigaji walikuwa walewale, hilo hata Ta Kyaruzi alilithibitisha kwa sikio, lakini mwimbaji wa mwanzo alikuwa ameondoka na mahali pake amewekwa mtu mpya. Hatukujua majina yao yanatamkwaje, basi mmoja akawa Wa Kwanza na mwenzake akawa Wa Pili.

Bwana Shebe alikuwa mtu wa Wa Kwanza, kufa na kupona. Wa Kwanza alikuwa na sauti nzito, na kulikuwa na mahali katikati ya wimbo ambapo aliteremka nayo, akateremka tena, hadi ukahisi kama mtu anayeshuka kisimani kwa kamba. Mahali pale palipewa jina: Shimo. Likikaribia Shimo, Bwana Shebe aliinua kidole, na hata mteja aliyekuja kununua chumvi alijua ni lazima asubiri. Mwalimu Kaijage alikuwa mtu wa Wa Pili. Alifundisha shule yetu, tena ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri, na alisema Wa Pili anapanda mahali ambapo wengine wanahitaji ngazi. Bwana Shebe alimjibu kwamba kupanda hata nyani anapanda. Mwalimu naye akasema kuteremka hata jiwe linateremka. Ta Kyaruzi aliwaambia wote wawili kuwa waimbaji wamewekwa pale ili wapigaji wapate kupumzika, na kwamba mwenye wimbo ni yule mpiga ngoma. Hapo wote wawili walimgeukia yeye.

Walibishana hivyo msimu hadi msimu. Walibishana kama wimbo wa mbele ya watu unashinda ule wa utulivu. Bwana Shebe alisema wa mbele ya watu una makosa. Ta Kyaruzi akasema kwenye kosa ndipo unapomsikia mtu. Walibishana hata juu ya maana ya maneno, kwa kuwa Mwalimu ndiye pekee aliyejua Kiingereza cha kutosha, na kila alipotafsiri ilitoka hadithi tofauti. Na mama yangu alikanyaga cherehani lake, pini mdomoni, asiseme kitu.

Mimi nilikuwa na uelewa wangu mwenyewe. Nilijua Wa Kwanza ni mwanaume, lakini nilikuwa na hakika kwamba Wa Pili ni mwanamke. Ile sauti ya juu namna ile ingekuwa ya nani? Nilikuwa nimeshampangia maisha yake: mtoto wake alichukuliwa na mto, ule ule wa mwanzo wa wimbo, naye anatembea ukingoni akimwita. Nilipoangalia picha kwenye kasha la kaseti niliona wanaume peke yao, wenye nywele ndefu, wamesimama shambani kama waliopotelewa na ng'ombe. Nikahitimisha kwamba siku ya picha yule mama alikuwa jikoni anawapikia. Nilimhurumia sana. Afanye kazi yote ile ya kuimba, halafu picha wapige wao.

Mama naye nilikuwa namhurumia, kwa sababu nyingine. Zamani aliimba kwaya. Alipenda kuimba kuliko kitu chochote, na nyumbani alipokuwa akimenya ndizi aliimba chini chini, sauti nzito kama ya nyuki ndani ya mzinga. Lakini kwaya ilikuwa na utaratibu wake: wanawake ni sauti ya kwanza na ya pili, wanaume ni ya tatu na ya nne, iliyo ya chini kabisa. Mama akawekwa sauti ya pili, na hata hiyo ilikuwa juu mno kwake. Ilimchuna koo. Mwalimu wa kwaya aliyekuwepo kabla ya Kaijage alimwambia mbele ya wenzake kwamba siku za ibada awe anafungua mdomo tu, asitoe sauti, ili mstari usiharibike. Mama alifungua mdomo bila sauti Jumapili kadhaa. Kisha akaacha. Kaijage alipokuja alimwomba arudi, akakataa kwa upole, akasema atawashonea sare. Na kweli alizishona, zile za kijani zenye ukosi mweupe, akiwapima wenzake mabega huku wao wakiimba.

Mwaka ninaousimulia, usharika wetu ulikuwa unajiandaa kwa mashindano makubwa ya kwaya, yaliyokuwa yafanyike Bweranyange. Kisha Ta Festo, aliyekuwa nguzo ya sauti ya nne, akapata kazi Bukoba akahama. Waliobaki walikuwa vijana ambao sauti zao zilikuwa hazijaamua ziende wapi. Mwalimu alikuja barazani siku hiyo akiwa amechoka, akasema kwaya yake sasa ni nyumba isiyo na sakafu. Bwana Shebe akamwekea kaseti ya Wa Pili, ingawa hakumpenda, ili kumliwaza. Huo ndio ulikuwa urafiki wao.

Tukasikiliza. Ilipofika ile sehemu ya juu ambapo Wa Pili alikuwa kama analia, nikashindwa kuvumilia, nikauliza kwa nini huyu mama hawakumpiga picha na wenzake.

Watoto hatukuwa na desturi ya kuingilia mazungumzo ya wakubwa, basi kwanza walishangaa kwamba nimesema. Halafu wakacheka, si kwa ubaya. Mwalimu alichukua kasha, akainama mbele yangu, akaniwekea kidole juu ya picha.

"Si mama, Koku. Ni huyu hapa, mwenye ndevu."

Nilimtazama yule mwenye ndevu. Zilikuwa ndevu za kweli, nyingi, kama za babu wa jirani yetu. Yule mama wa mtoni, niliyemlilia msimu mzima, alikufa pale pale, na mahali pake akasimama mwanaume huyu. Nilihisi kuibiwa. Lakini ndani ya kuibiwa kule lilizuka wazo lingine, na nilikuwa katika umri ambao wazo likizuka linatoka.

"Kama yeye mwanaume anaimba sauti ya kwanza," nikasema, "basi mama yangu si anaweza kuimba ya nne?"

Cherehani likasimama.

Mama aliniambia niende nikachote maji. Alisema kwa sauti iliyonijulisha kwamba nyumbani kuna la ziada. Nilikwisha kushuka kwenye gunia Bwana Shebe aliposema, polepole, kwamba mtoto ameuliza na inafaa ajibiwe. Mwalimu akakohoa. Akaeleza kwamba koo la mwanamke lina mpaka wake, kwamba yeye amefundisha kwaya nyingi na hajapata kusikia mwanamke anayefika chini huko. Bwana Shebe akamuuliza kama hajasikia kwa kuwa hayupo, au kwa kuwa hajamsikiliza. Kisha, bila kusubiri jibu, alitoa kaseti ya Wa Pili, akachukua ya Wa Kwanza, akaanza kuirudisha kwa kalamu, taratibu, ili kuzilinda betri. Wote tulijua anaitafuta sehemu gani.

Mama alisema ana sare za watu za kumaliza. Akainamisha kichwa, akakata uzi kwa meno. Redio ikaanza. Lilipokaribia Shimo, Bwana Shebe hakuinua kidole kama kawaida yake. Alipunguza sauti ya redio hadi ikawa mnong'ono, na ndani ya mnong'ono ule mama akaanza kuteremka.

Hakuinua kichwa. Mikono ilikuwa bado juu ya kitambaa. Mwanzoni nilidhani kuna Fuso linakuja, nikageuka kuangalia njiani. Kisha nikahisi gunia nililoegemea linatetemeka. Mama alishuka hatua kwa hatua pamoja na yule mtu wa ng'ambo, na pale ambapo sauti ya kwenye kaseti ilifika mwisho wake ikatulia, ya mama ilitulia pembeni yake bila kuhema, imejaa, haina hata ukwaruzo. Alikuwa amesikia wimbo ule misimu yote hiyo huku amebana pini mdomoni, na hakuna aliyejua kwamba alikuwa anaimba nao.

Ta Kyaruzi alikuwa amesimama katikati ya njia na gurudumu mkononi. Bwana Shebe alizima redio. Mwalimu akatoa mfukoni filimbi yake ndogo ya kutafutia sauti, akapuliza. Mama akaipokea. Akapuliza ya chini zaidi. Mama akaipokea na hiyo. Filimbi ilipoishiwa, Mwalimu alijaribu kutoa kwa mdomo wake sauti iliyokuwa chini ya filimbi, akashindwa kuifikia yeye mwenyewe, mama akamwonyesha ilipo.

"Mazoezi ni Jumamosi," Mwalimu akasema. "Usichelewe, Ma Yustina."

Habari ilifika nyumbani kabla yetu, kama kawaida ya Kaisho. Baba yangu, Ta Petro, alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuwahi kumkataza mama kitu, lakini hakupenda watu wamzungumzie. Alikula matoke yake, akanawa, akasema bila kumwangalia kwamba watu wa Bweranyange watamcheka.

"Walishanicheka nimefumba sauti," mama akajibu. "Wakinicheka tena, na wanicheke ninaimba."

Baba akaenda kuangalia ng'ombe, ambao walikuwa salama kabisa.

Haikuwa rahisi. Wazee wa kwaya walimwita Mwalimu wakamuuliza kama ameishiwa wanaume. Mmoja alisema itaonekana usharika wetu unafanya mzaha madhabahuni. Mwalimu aliwasikiliza wote, kisha akawaambia kwamba kwaya anaifundisha kwa masikio, na wakitaka anayefundisha kwa macho wamtafute. Mimi sikuwepo, lakini maneno hayo yalirudiwa kila kibanda cha Kaisho hadi nikayajua kama sala. Na wakati ule ule alifanya jambo jingine ambalo hakumwambia mtu sababu yake. Wimbo aliokuwa ameupanga kwa mashindano aliuacha. Akatunga mpya.

Tulioketi barazani tulijua umetoka wapi. Ulikuwa wimbo wa kanisa, maneno yake yanasimulia watu wanaovuka mto wakati wa mafuriko, na uliimbwa kwa Kiswahili na Kinyambo. Lakini ulianza bila maneno, sauti ya kwanza na ya pili wakisugua viganja vya mikono hadi ukasikia maji. Kisha ulikimbia, ukasimama, ukageuka, ukarudi na uso mwingine. Na katikati yake kulikuwa na shimo. Sauti tatu za juu zinanyamaza, ya nne inabaki peke yake, halafu hata vijana wa ya nne wanaacha mmoja baada ya mwingine, anabaki mtu mmoja anayeshuka.

Sasa ubishi wa barazani ukapata kazi. Bwana Shebe, mtu wa msikitini, ndiye aliyemfundisha mama kuimba wimbo wa Walutheri. Alimwekea Wa Kwanza tena na tena amsikilize anapovuta pumzi, kwa sababu alidai siri yote iko kwenye pumzi inayovutwa mapema, kabla mtu hajaihitaji. Mwalimu alisema hapana, asikilize Wa Pili, anavyoacha neno la mwisho lining'inie. Ta Kyaruzi alimgongea mapigo kwa spana kwenye fremu ya baiskeli na kumwonya kwamba anakimbilia mwisho kama mtu aliyeacha chungu motoni. Walimvuta huku na kule. Mama alimsikiliza kila mmoja, akachukua alichokitaka, akawaambia yaliyobaki wayagombanie wenyewe. Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akitoa hukumu yake juu ya ugomvi ule wa miaka. Alisema Wa Kwanza anaimba kama mtu aliyekwisha kufika, na Wa Pili kama mtu ambaye bado yuko njiani, na yeye anamtaka aliye njiani kwenye mwanzo wa wimbo na aliyefika kwenye mwisho. Wanaume wale walitazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba inawezekana kuwahitaji wote wawili. Adhana ilipolia, Bwana Shebe alikwenda kuswali, na aliporudi aliuliza tu tumefika wapi.

Siku ya mashindano tulipanda Fuso la kusomba kahawa, limefagiliwa na kutandikwa majani ya migomba. Bwana Shebe alifunga duka, jambo ambalo halikuwa limetokea nje ya sikukuu, akapanda na kofia yake nyeupe. Ta Kyaruzi alipanda naye. Baba alisema ana kahawa ya kuanua, hatakuja. Bweranyange ilikuwa imejaa. Kwaya za kila rangi zilisimama chini ya miti zikinong'ona nyimbo zao, akina mama wakiuza ndizi za kuchoma, na jukwaa la mbao lilikuwa limejengwa mbele ya kanisa. Majaji walikaa pembeni, nyuma ya meza, na walikuwa wameelekezwa wasikilize zaidi kuliko kutazama. Mmoja wao, mzee mwenye miwani, alifumba macho kila kwaya ilipoanza.

Kwaya yetu ilipopanda, mama alipita mbele ya wanawake, akapita sauti ya tatu, akaenda kusimama mstari wa nyuma kabisa kati ya vijana wa sauti ya nne. Alikuwa mfupi kuliko wote. Kicheko kilianzia upande wa kulia kikatembea hadi kushoto. Mwanamke mmoja karibu yangu alisema yule dada amepotea mstari, wamwonyeshe. Nilitaka kumjibu. Bwana Shebe aliniwekea mkono begani kunizuia.

Maji yakaanza. Watu waliokuwa wanacheka walitafuta yanatoka wapi. Wengine walitazama juu kama mvua inakuja. Sauti zikaingia, zikakimbizana, na Ta Kyaruzi akaanza kugonga goti lake, akitikisa kichwa kwa furaha kila hesabu ilipogeuka na kuwapoteza waliojaribu kupiga makofi. Kisha ya kwanza ikanyamaza. Ya pili. Ya tatu. Vijana wakaacha, mmoja, mwingine, mwingine, na mama akabaki.

Alishuka. Sijui niwaelezeje ninyi ambao hamkuwepo. Alishuka hadi ule uwanja mzima, pamoja na wauza ndizi, ukaacha kufanya ulichokuwa unafanya. Kulikuwa kimya kiasi kwamba mimi, kwa akili yangu ya kitoto, nilidhani wamekasirika. Nilidhani sasa watamtoa. Nilimtazama yule mwanamke aliyesema mama amepotea mstari, nikaona ameshika shavu na machozi yanapita kati ya vidole vyake, na hapo nikaelewa kwamba ukimya nao una aina zake. Kisha mama alifika chini, akakaa huko, akapumua mapema kama alivyofundishwa, na sauti zote zikarudi juu yake kwa pamoja kama nyumba inayosimamishwa juu ya msingi. Vigelegele vilianza kabla wimbo haujaisha. Bwana Shebe hakupiga kelele. Aliinua kidole chake juu, akakiacha hapo.

Tulishinda. Aliyetangaza alianza na wa tatu, akaja wa pili, akachelewesha makusudi, na aliposema jina la usharika wetu sare za kijani zilirukia jukwaani zote kwa wakati mmoja. Yule jaji mwenye miwani akasimama akaomba utulivu. Alisema amesikiliza kwaya maisha yake yote, na angependa kumpa mkono bwana aliyeimba peke yake katikati ya wimbo wa mto.

Mwalimu Kaijage alirudi mstari wa nyuma, akamshika mama mkono, akamleta. Jaji aliitikia shikamoo ya mama kwa kichwa tu, akaendelea kutazama nyuma ya bega lake. Akauliza bwana mwenyewe yuko wapi. Mwalimu alifungua mdomo aeleze, lakini mama alimgusa mkono anyamaze. Kisha akamjibu yule mzee kwa namna pekee iliyofaa. Aliimba. Ni lile neno la mwisho tu la kule chini, bila filimbi, bila kutafuta, akimwangalia machoni.

Yule mzee alivua miwani. Akainamisha kichwa mbele ya mama yangu, mbele ya watu wote, na uwanja ukalipuka.

Nilikuwa natafuta njia ya kupenya hadi mbele nilipomwona baba. Alikuwa amesimama nyuma ya umati na baiskeli yake, vumbi la barabara yote limemjaa hadi kwenye nyusi. Kwa hiyo kahawa ilianuliwa, au haikuanuliwa, sikuuliza. Mwanaume mmoja wa Bweranyange alikuwa anamwambia kwamba hajawahi kusikia mwanamke wa namna ile, akamuuliza kama anajua ni wa wapi.

"Ni wa kwangu," baba akasema.

Yule mtu alidhani anatania, akacheka. Baba hakucheka. Aliegemeza baiskeli kwenye mti, akanishika mkono, akaanza kupita katikati ya watu akiomba njia kwa sauti kubwa, yeye ambaye hata kanisani hatukuwahi kumsikia akiitika amina.

Tuliporudi alipanda nasi kwenye Fuso, baiskeli imefungwa juu. Watu wa Rugu walitoka kwenye vibanja vyao kutazama ni nini kinapita na kelele zile. Wazee wa kwaya, wale wale, walimtaka mama asimame mbele kabisa, nyuma ya kichwa cha gari, mahali pa heshima. Akasimama, ameshika chuma kwa mikono miwili, kitambaa cha kichwa kimefunguka kwa upepo. Mtu fulani akaanzisha wimbo wa shukrani. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikafuata, ya tatu pia. Wale vijana wa sauti ya nne walikuwa tayari, wamejaza vifua, lakini hawakuimba. Walimtazama mama. Alipoanza, ndipo nao wakaingia.